Chakula cha Meli na Haki ya Kuchagua

Katika meli kubwa za kitalii, zile ambazo msimu wao ukifika hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, abiria huwa ameshalipia chakula ndani ya nauli. Ukumbi mkuu wa kulia uko wazi kwake asubuhi, mchana na jioni. Lakini kando ya ukumbi huo ipo migahawa mingine ya hadhi ya juu, mmoja wa nyama za kuchoma, mmoja wa Kiitaliano, mmoja wa Kifaransa, mwingine wa samaki mbichi wa Kijapani, na huko analipa upya. Kwa kuwa siku za safari zinahesabika, kinachomkosesha usingizi ni aingie upi na aache upi. Kwa msomaji wa Mwanza hilo linaweza kuonekana swali la walioshiba. Abiria wa MV Victoria anayekwenda Bukoba usiku kucha hujiuliza tu kama atanunua wali samaki kwenye mgahawa wa meli au atafungua ndizi alizofungasha nyumbani. Hata hivyo swali limeanza kusogea ufukweni kwetu. MV Mwanza, meli yenye urefu wa mita 92.6 iliyoteremshwa katika Ziwa Victoria Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200 kwa madaraja kadhaa, kuanzia la tatu hadi vyumba vya wageni mashuhuri, na palipo na madaraja ya vyumba, madaraja ya sahani hayakawii. Inafaa basi kuuliza mapema: je, kuna ubaya wowote wa kimaadili katika kuchagua mlo wa anasa ndani ya chombo mnachosafiria pamoja na wengine? Jibu langu ni kwamba ubaya, pale unapokuwepo, haumo katika utamu wala katika bei. Umo katika ukuta, yaani katika kupanga mambo hivi kwamba anayechagua halazimiki kujua mwenzake amebakiwa na nini.

Tuanze kwa kuondoa mashtaka mawili yasiyo na nguvu. La kwanza ni kwamba chakula kizuri chenyewe ni dhambi. Dini zetu mbili kubwa hazisemi hivyo. Sura ya Al-Aaraf inakataza israfu katika kula na kunywa, lakini aya inayofuata papo hapo inahoji ni nani aliyeharamisha vitu vizuri ambavyo Mungu amewatolea waja wake. Mhubiri katika Agano la Kale, pamoja na huzuni yake yote, anahesabu kula na kunywa kwa furaha kuwa zawadi ya Mungu. Anayesusia sahani nzuri kwa kudhani kwamba njaa yake inamsogeza karibu na Muumba atapata shida kuthibitisha hilo kwa maandiko. Shtaka la pili ni la wanasaikolojia: kwamba wingi wa machaguo humchosha mtu na kumnyima furaha. Jaribio linalotajwa sana ni lile la Sheena Iyengar na Mark Lepper, lililochapishwa mwaka 2000, ambapo wateja wa duka moja la California walionjeshwa jamu. Waliowekewa aina 24 walinunua kwa kiasi cha asilimia 3 tu, na waliowekewa aina 6 walinunua kwa asilimia 30. Ni matokeo ya kuvutia, lakini mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo na kukuta kwamba kwa wastani athari ya wingi wa machaguo inakaribia sifuri. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu abiria wa meli ya kitalii kwa kuwa anakula vizuri, wala kumwonea huruma kwa kuwa ana mengi ya kuchagua. Kama lipo la kumuuliza, lazima litoke kwingine.

Kwingine huko ni kwenye meli yenyewe. Mgahawa wa mjini una mlango unaofungukia barabarani, na asiyeumudu anapita zake hadi kwa mama lishe wa mtaa wa pili. Melini hakuna mtaa wa pili. Wote wamekabidhi maisha yao kwa nahodha mmoja na injini zilezile, na dhoruba ikija inawakuta pamoja. Ndiyo maana tofauti ya mlo melini ina uzito ambao haina nchi kavu. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilifungua mgahawa chini ya jina la Ritz, ambamo abiria wa daraja la kwanza angeweza kuukwepa ukumbi wa wote wa daraja lake na kula kwa kuagiza, kwa malipo ya pembeni. Titanic iliiga mtindo huo mwaka 1912. Tazama kilichokuwa kinauzwa: daraja la kwanza lilikuwa tayari limejitenga na la tatu, na sasa ndani ya daraja la kwanza palizaliwa utengano mwingine. Abiria hao hawakuwa na njaa, na ukumbi waliouacha haukuwa na chakula kibaya. Walinunua nafasi ya kutokula na wengine, na hadi leo hiyo ndiyo sehemu kubwa ya bei ya mgahawa maalumu wa meli. Mtume Paulo aliwahi kukutana na jambo la jinsi hii katika kanisa la Korintho. Waumini walikusanyika kwa ajili ya karamu ya Bwana, wenye nacho wakatangulia kula walichokuja nacho hadi wengine wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa humohumo ndani. Katika waraka wake wa kwanza kwao Paulo hakuwakemea kwa kuwa chakula kilikuwa kitamu. Aliwaambia kwamba nyumba za kulia wanazo. Kosa lao lilikuwa kuwaaibisha wenzao mahali ambapo walijiita mwili mmoja.

Watu wa ziwa hili wanajua ukuta wa madaraja unaweza kufika umbali gani. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na hesabu kamili ikawa taabu kuipata. Iliripotiwa kwamba kulikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ajali hiyo haikusababishwa na mlo wa mtu, na itakuwa dhuluma kumtwisha lawama abiria aliyekuwa na kitanda chake. Ninachokiona hapo ni mwisho wa njia inayoanza na mambo madogo. Tunapozoea kwamba wa juu wana majina na wa chini ni wingi tu, tunapozoea kwamba wa juu wanaulizwa watakula nini na wa chini hawaulizwi kabisa, tunakuwa tumekwisha kuamua nani atahesabiwa siku ya kuhesabu. Kuulizwa unataka nini ni namna moja ya kutambuliwa kuwa upo.

Hapo ndipo samaki wa Mwanza anatufundisha kuliko meli yoyote ya kigeni. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alikuja kuwa bidhaa ya viwanda vinavyosafirisha minofu hadi Ulaya. Kiwandani kisu kinapita ubavu huu na ubavu ule, minofu miwili myeupe inatoka, na kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo wenye nyama iliyonata kwenye mifupa, na mkia. Hayo ndiyo mapanki. Hukaushwa, hukaangwa kwenye mafuta hadi mifupa midogo ikawa ya kutafunika, na kuuzwa kwa watu ambao minofu imewapita bei. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha sangara, nalo lina safari yake hadi China, kwa bei inayouacha mnofu mbali. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki kama alama ya unyonge, na Watanzania wengi waliikasirikia, akiwemo Rais Jakaya Kikwete aliyeilaani hadharani mwaka 2006. Hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Kichwa cha samaki si takataka; wapo wanaokigombania nyumbani na kuacha mnofu, na supu yake ni dawa ya uchovu. Lakini utetezi huo unathibitisha hoja ninayoitafuta. Anayechukua kichwa kwa kuwa anakipenda, na anayechukua kichwa kwa kuwa mnofu ulishakatwa na kufungashwa kabla hajaulizwa, sahani zao zinafanana kabisa. Mmoja amechagua, mwingine ameachiwa. Mizani ya sahani haiwezi kuona tofauti hiyo, na ndiyo tofauti yenye maana. Na huyo mla minofu wa mbali, ambaye huenda anaagiza sangara akiwa melini katika bahari asiyojua imepakana na nani, hana ubaya moyoni. Hajawahi tu kupangiwa mahali pa kumwona mla mapanki.

Atakuja mtu aseme: fedha ni zangu, nimezitolea jasho, na nikila ugali kwa dagaa badala ya nyama ya kuchoma hakuna maskini atakayeshiba kwa hilo. Hoja hii ni nzito, na sehemu yake ni kweli. Kujinyima kwa kujionyesha hakumlishi yeyote. Lakini haki ya kutumia fedha haifuti mambo yanayotuunganisha kabla ya fedha. Meli kama MV Mwanza imejengwa na Serikali kwa fedha za umma, na hata muuza dagaa wa Kirumba Mwaloni anayelala kwenye benchi la daraja la tatu amechangia bati lake. Nauli ya juu inamnunulia mtu kitanda na sahani bora. Haimnunulii haki ya kusahau kwamba chombo ni cha wote. Mwingine atasema kwamba migahawa ya fahari inaajiri wapishi na wahudumu, na inanunua sato na mchele wa wakulima. Ni kweli pia, na ndiyo sababu sipendekezi ifungwe. Ila ajira inajibu swali la nani analipwa. Haijibu swali la nani anaulizwa. Wa tatu, mkali zaidi, atasema hii yote ni husuda iliyovishwa joho la dini, kwa sababu hata huyo wa daraja la tatu akipata fedha atapanda juu na kuagiza vilevile. Bila shaka ataagiza, na hana kosa. Husuda humtaka aliye juu ashuke. Mimi sitaki mtu yeyote ashushwe; ninataka aliye chini apewe neno juu ya chakula chake. Hayo ni madai mawili tofauti, na anayeyachanganya hurahisishiwa kazi ya kutojibu la pili.

Yapo basi masharti ambayo chaguo la anasa linaweza kuyatimiza na likabaki safi. Kwa msafiri, sharti ni la ujuzi: kabla ya kupima mgahawa huu na ule, ajue wengine waliomo melini wanakula nini, pamoja na wahudumu wanaomletea sahani, na kama jambo hilo likimkera atumie sauti yake ya mteja kulisema, kwa maana sauti ya aliyelipa zaidi husikika haraka. Mafundisho ya Kiislamu yanayomlaumu anayelala ameshiba hali jirani yake ana njaa yanagusa hapo hasa, kwani jirani wa safarini yuko ghorofa moja tu chini. Kwa mwenye meli, sharti ni la mpangilio, na historia inaonyesha kwamba haliwezi kuachiwa hisani. Uingereza ya karne ya 19, katika zama za wahamiaji waliovuka Atlantiki kwa matanga, ilibidi itunge sheria za kuwalazimisha wenye vyombo kumpa kila abiria mgao wa maji na chakula, maana biashara peke yake ilikuwa imeridhika kuwaacha wale walichobeba. Ziwani kwetu sheria kama hiyo haihitaji maneno mengi: pasiwe na mgahawa wa kulipia ziada katika meli ambayo daraja la tatu halina maji safi ya kunywa, chakula cha moto kwa bei ya kawaida, na angalau vitu viwili vya kuchagua, ndizi au ugali, sato au maharage. Sharti hilo likitimia, anayetaka meza ya peke yake juu, yenye kitambaa cheupe na mvinyo, na aende akale kwa amani. Lisipotimia, ugumu wake wa kuamua aingie mgahawa upi umejengwa juu ya watu ambao hakuna aliyewauliza lolote, na sala ya kabla ya chakula haitautatua.