Hana na Kanzu Ndogo
(1 Samweli, mlango wa 1 hata wa 3)

Mwezi huu twataka kunena nanyi wazazi, hasa ninyi wa Mwera na vijiji vya pwani ya Pangani, juu ya watoto wetu wadogo waendao shule kabla ya darasa la kwanza. Darasa lao huitwa la awali; wengine husema chekechea, na wengine vidudu, neno tusilolipenda, maana mtoto aliyebatizwa kwa jina la Utatu si mdudu. Wako wadhanio ya kuwa habari hii ni ya walimu na serikali tu, wala haina nafasi kanisani. Lakini Maandiko yatupa habari za mama aliyempeleka mtoto mdogo kwa mlezi mwingine, nasi tukiitazama polepole twaona mengi yatupasayo.

Tazameni kwanza ya kuwa Hana hakufanya haraka. Elkana na nyumba yake walipopanda kwenda Shilo kwa dhabihu ya mwaka, yeye alibaki hata mtoto aachishwe ziwa, na mumewe akakubali shauri lake. Baba na mama walinena neno moja. Siku hizi twaona mtoto wa miaka 3 ameshikishwa mkono wa dada yake wa darasa la pili, wanatumwa pamoja njiani, mama amekwisha kwenda shamba na baba hajui hata mlango wa darasa u upande gani.

Jambo hili lina utaratibu wake. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima, na toleo lake la mwaka 2023 halikuuondoa. Mtoto wa miaka 5 ndiye wa darasa la awali, naye afikapo 6 huingia la kwanza. Aliye mdogo kuliko hapo mahali pake ni nyumbani, au katika kituo cha kulelea watoto mchana kilichoandikishwa, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iagizavyo. Mwalimu mmoja amepangiwa watoto 25, na katika shule nyingi hesabu hiyo imezidi mno. Basi amwongezaye mtoto asiyetimiza umri, amnyang'anya mtoto wa jirani macho ya mwalimu.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu akina mama. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kukata mkonge, atamwacha mtoto na nani? Swali hili ni la kale. Katika Ufaransa, kwenye milima ya Alsace, palikuwa na msichana mkulima, jina lake Sara Banzet, aliyeanza kwa hiari yake kuwakusanya watoto wadogo wa kijiji chake na kuwafundisha kufuma na kuimba. Johann Friedrich Oberlin, mchungaji wa Kilutheri wa bonde lile, alipopata habari zake hakumzuia. Alimwajiri, mnamo mwaka 1769, na wanawake wengine wakafuata kazi ileile katika vijiji vingine. Hii yatangulia bustani ya watoto ya Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Ujerumani, iliyoanza mwaka 1837, ambayo watu huitaja zaidi. Nasi twauliza: katika mitaa yetu hakuna Sara hata mmoja? Usharika uwezao kununua vipaza sauti waweza pia kumtunza mama mmoja mwaminifu na kituo kidogo kilichoandikishwa.

Pili, Hana hakwenda mikono mitupu. Pamoja na mtoto alichukua sadaka, na ndani yake mlikuwa unga, efa moja. Tangu Januari 2016 ada haidaiwi katika shule za msingi za serikali, wala katika madarasa yao ya awali, twamshukuru Mungu. Lakini wengi wamesikia neno 'bure' wakalala. Sare, madaftari na chakula ni juu ya mzazi. Wazazi wakipatana juu ya uji, kisha nusu yao wasilete, mwalimu atafanya nini saa nne ifikapo? Atawanywesha wengine mbele ya macho ya wengine? Mtoto wa miaka 5 hawezi kupambanua kama ni kosa la baba au chuki ya mwalimu. Aona kikombe kimempita tu.

Tatu, na hapa twataka kukaa kidogo. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo akampelekea. Fikirini mama yule: amshonea mtoto asiyemwona, na kila mwaka yampasa kukisia amerefuka kiasi gani. Kumkabidhi mtoto kwa mwingine hakukuwa kumsahau. Darasa la awali lina siku yake: kusalimiana, kunawa mikono, kuimba, hadithi, kuhesabu vifuu na mbegu, kuchora mchangani, uji, kupumzika, kisha kurudi nyumbani mapema kuliko wakubwa. Wazazi hunung'unika, 'Wanacheza tu, hawajui hata kusoma.' Wapenzi, ahesabuye vifuu ahesabu kweli, na asubiriye zamu yake ya kuruka kamba amejifunza jambo ambalo watu wazima wa mabaraza yetu hawajalijua.

Lakini siku hiyo yaharibika mzazi asipoishika saa. Achelewaye kumleta, mtoto wake huingia wimbo umekwisha. Achelewaye kumchukua hutenda neno baya zaidi. Mtoto mdogo hajui saa ya ukutani; saa yake ni sura ya mama mlangoni. Aliambiwa, 'Nitakuja.' Wenzake wamekwenda wote, mwalimu afagia, naye yu peke yake kizingitini. Hapo ndipo aanzapo kujifunza kama ahadi ni kitu cha kutegemewa au sivyo. Sisi twataka kumfundisha baadaye kuziamini ahadi za Mungu asiyemwona. Tutaanzia wapi, kama ahadi ya amwonaye imevunjika kila Ijumaa?

Na anayemchukua awe mtu aliyetajwa kwa mwalimu. Mwalimu akikataa kumtoa mtoto kwa mjomba asiyemjua, asitukanwe, ashukuriwe. Mwenye homa au macho mekundu na abaki nyumbani, hata kama siku hiyo ni ya gulio.

Tena msisahau ya kuwa nyumba ya Eli haikuwa safi. Wanawe walitenda maovu palepale patakatifu, na mzee alijua asiwazuie. Basi msiseme, 'Pale ni pa kanisa, hapana neno.' Ingieni, tazameni choo, ulizeni ni nani akaaye na watoto wakati wa kulala. Kiboko hakina kazi katika darasa hili. Na jioni msikilizeni mtoto. Samweli aliogopa kumwambia Eli aliyoyasikia usiku, lakini mzee alimsihi asimfiche neno, na alipoambiwa habari chungu juu ya nyumba yake mwenyewe hakumkemea mtoto. Yuko mtoto anayetaka kusema jambo, na kila akianza aambiwa, 'Nyamaza, kalale.'

Shule zafunguliwa Januari. Cheti cha ubatizo tuwapacho si cheti cha kuzaliwa. Hicho hutolewa na serikali kwa mkono wa RITA, nanyi mkitafute sasa, pamoja na kadi ya kliniki. Baba na aende mwenyewe kuandikisha, amwone mwalimu uso kwa uso. Na kuanzia Jumapili ijayo kikapu cha unga kitawekwa mlangoni pa kanisa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawana; wazee wataupeleka shuleni kila Jumatatu, wala hawatataja jina la mtoto yeyote.