Daftari la Kuazima

Je, maneno yana mwenyewe? Mwaka 1979, huko Marekani, Bibi Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records alikusanya vijana watatu ambao hawakuwa kundi, akawaita Sugarhill Gang. Wapigaji wa studio waliurudia mdundo wa “Good Times” wa bendi ya Chic, na vijana wakaghani juu yake karibu dakika 15. Ndiyo “Rapper's Delight”, wimbo wa kwanza wa kughani kuingia katika nyimbo 40 bora za huko.

Wakuu wa Chic, Nile Rodgers na Bernard Edwards, walidai, wakaandikwa kuwa watunzi. Lakini beti za kijana mmoja, Big Bank Hank, zilitoka katika daftari la Grandmaster Caz wa Bronx, aliyemwazima. Caz hakuandikwa.

Wako wasemao kwamba alitoa kwa hiari. Nimefundisha walimu miaka mingi, na hoja hiyo siikubali. Ukiazimwa jembe, umepewa kulima, jembe hukupewa. Na je, deni la asiyedai hupungua? Mimi naona huzidi, kwani aliyedai ana wakili wa kumsemea, na huyu ana dhamiri ya mkopaji tu.

Washairi wetu hutia majina yao katika beti za tamati, shairi lisipotewe na mwenyewe. Ajabu, Hank hakuiondoa hata lakabu ya Caz: aliitamka herufi kwa herufi. Hank alifariki mwaka 2014, na katika santuri ile bado anaitaja.