Fundi Ajifunza kwa Mali ya Nani?

Katika darasa letu limeletwa suala ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza aweza kulidharau, akasema: hili ni jambo la kioo cha kompyuta, limetuhusu nini? Nasi pia tulisema hivyo. Walakini tulipolikalia tulilikuta lina kina kuliko tulivyodhani, likatuchukua masiku matatu, na hata sasa hatukuafikiana sote. Twaona yafaa kulieleza hapa, kwani hapana nyumba katika mji wetu isiyopata kutoa kitu chake kukitia mkononi mwa fundi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, afundisha skuli katika nchi ya Nyamira. Kisii na Nyamira ni kaunti mbili kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini ni nchi moja ya vilima, migomba na majani ya chai, na mtu wa Nyamira akitaka haja kubwa aghalabu hushuka Kisii mjini. Kompyuta yake ya kupakata, ile ambayo watu wote waita laptopu, ilianza maradhi: akikifungua kifuniko sana, picha hutetemeka na mistari hupita juu yake, akikirudisha kidogo, picha hutulia. Akaichukua Kisii, akampa fundi mmoja kijana mwenye kibanda. Fundi akaitazama kwa muda wa kumeza mate, akasema: "Mwalimu, kioo kimekufa. Chataka kipya, shilingi 7,500." Akalipa. Jioni akarejeshewa kompyuta, na kioo ni cheusi kabisa. Fundi akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, kisha akasema sasa ugonjwa umehamia kwenye bodi kuu, na bodi haitengenezeki, afadhali anunue kompyuta nyingine.

Kijana alirudi kwake na mtihani wa wanafunzi mia na zaidi umo ndani ya sanduku jeusi.

Baada ya siku kadhaa, mwenzake wa skuli alimwelekeza kwa fundi mwingine huko Keroka, mji ulioko mpakani mwa kaunti hizo mbili, katika njia ya kwenda Sotik. Huyu hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza. Je, kabla ya kuharibika, uliwahi kuiunga na projekta? Picha huko ilikuwa nzuri? Na mistari ile, ilikuja wakati wote au kifuniko kikisogea tu? Kisha akaiwasha ile kompyuta, akazima taa ya kibandani, akakimulika kioo kwa tochi ya ubavuni. Ndani ya ule weusi, kwa mbali, zikaonekana herufi. Akasema: "Mwalimu, bodi yako hai na kioo chako hai. Kilichokosekana ni mwangaza wa nyuma tu."

Alipoifungua alikuta mambo matatu. La kwanza, ule utepe wa nyaya nyembamba unaopita kwenye bawaba kutoka bodi hadi kiooni ulikuwa umechunika kwa kufunguliwa na kufungwa miaka mingi, na huo ndio uliokuwa ugonjwa tangu awali. La pili, kichwa cha utepe huo kilikuwa kimechomekwa upande upande hali betri haikuchomolewa, umeme ukapita pasipokuwa pake, ukaunguza fyuzi ya mwangaza, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. La tatu, na hili ndilo lililotukalisha masiku matatu, mahali palipoungua palikuwa pamefunikwa kwa kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri na kubandikwa vizuri, ili mwenye kutazama asione.

Akabadili utepe, akalehemu fyuzi mpya, akatoza shilingi 1,800. Kioo kipya hakikuwa na haja tangu mwanzo. Na kile cha zamani, kizima, kilibaki Kisii.

Kijana akatuandikia kwa hasira. Alitaka kujua: je, nimdai yule wa kwanza kila kitu? Nimpige picha niisambaze kwa watu wamwepuke? Au nimsamehe, kwani naye ni maskini atafutaye riziki?

Mzee mmoja katika darasa alisema pale pale: alipe chote, hapana mjadala, aliyeharibu alipe. Mwingine akamjibu kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, na kijana alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemburura. Wala mabishano haya si mapya. Wanavyuoni wa fiqhi waliyajadili kwa mshoni na mpaka rangi wa nguo kabla hapajakuwa na umeme. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuliyolelewa nayo hapa pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi wa watu wote halipi ila akikiuka mpaka au akifanya taksiri. Wanavyuoni wa Kimaliki wao walimdhaminisha kwa kuchunga maslaha ya watu. Na juu ya mtu ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, imekuja hadithi kuwa yeye ni mwenye kudhamini. Sheria ya nchi nayo si kimya: kifungu cha 46 cha Katiba champa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kuelezwa ayahitajiyo kujua, na haki ya fidia akipata hasara kwa upungufu wake, na iko sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012.

Basi kwamba kuna njia ya kudai, halina shaka. Lakini sisi twauliza jambo lililo nyuma ya hilo: kosa la yule kijana wa Kisii lilikuwa lipi hasa?

Kuharibu peke yake hatulioni kuwa ndilo kosa. Kila fundi tunayemsifu leo aliharibu vitu vya watu kabla hajajua. Mshoni alikata kanzu ikawa fupi. Seremala alipasua ubao wa mninga. Hata yule wa Keroka alimwambia kijana wetu, bila kuulizwa, kuwa yeye mwenyewe aliunguza kompyuta mbili kwa kosa lilo hilo la kusahau betri, na ndiyo sababu sasa haisahau. Ufundi hauingii mkononi kwa dua peke yake. Ikiwa hivyo, hapana budi pawe na mali itakayojifunziwa, na hapana budi mali hiyo iwe ya mtu. Suala ni: ya nani, na je, mwenyewe ajua?

Zamani katika pwani yetu jambo hili lilikuwa na mpango wake. Mwanagenzi alikaa chini ya fundi miaka. Aliyekwenda kutia kalafati jahazi hakupewa chombo akaachwa nacho. Fundi mkuu alipita nyuma yake, akikagua mshono kwa mshono, na pamba isiyoshiba ikang'olewa ikatiwa upya. Mwanagenzi akikosea, aibu ilikuwa ya fundi na hasara ilikuwa ya fundi, na mwenye chombo hakuijua. Kwa hiyo ada ya kujifunza ililipwa na karakana. Hatusemi kwamba zamani watu wote walikuwa wema. Twajua walikuwako mafundi waliowatumia wanagenzi kama punda. Lakini ada ilijulikana yalipwa wapi.

Leo kijana wa Kisii au wa Mombasa ajifunza kwa kutazama picha katika simu. Hapo hatumlaumu, huo ni mlango wa elimu, na wengi wameingia kwa mlango huo wakawa mafundi wazuri. Ziko vilevile njia za vyuo: Kisii ina chuo chake cha taifa cha ufundi, na iko mamlaka ya serikali itahiniyo mafundi kwa daraja tatu, hata wale waliojifunza kazini. Lakini anayejifunza peke yake hana fundi mkuu wa kupita nyuma yake. Hasara ya kukosea ikatoka karakana ikamwangukia mteja, tena mteja asiyejua kuwa yeye ndiye alipaye ada. Kijana wetu alidhani anunua ufundi, kumbe alikuwa akisomesha.

Na hapa ndipo tunapoliona kosa. Lau yule fundi angalisema: "Mwalimu, kompyuta ya namna hii sijapata kuifungua, niko tayari kujaribu kwa nusu ya bei, lakini yaweza kuharibika," kijana wetu angalichagua. Pengine angalikubali, kwani naye ni mwalimu, ajua mtu hujifunza vipi. Na kama ingaliharibika baada ya hapo, sisi tusingaliona kuwa amedhulumiwa, hata kama hasara ingalikuwa ile ile shilingi kwa shilingi. Ajabu ya jambo hili ni kuwa kompyuta iliyoungua ni moja, fyuzi ni moja, na baina ya halali na dhuluma pana neno moja lililosemwa au lisilosemwa.

Nenda Tabaka, huko huko Gusii, ambako watu wachimba mawe laini na kuyachonga vikombe, vinyama na sahani. Ukitaka kununua kiboko cha jiwe, wakigeuza mkononi, watazama ufa kwa macho yako. Nta yaweza kuficha kidogo, lakini kwa jumla kazi ya mchongaji i mbele yako. Kompyuta si hivyo. Mwenye kompyuta hawezi kuhukumu kilichomo ndani, na hata akionyeshwa hatajua atazamacho. Kadiri macho ya mteja yanavyopungua nguvu, ndivyo ulimi wa fundi unavyozidi kubeba mzigo.

Na ile tepu nyeusi je? Hii ni mbaya kuliko kuungua kwenyewe. Fundi akiharibu na akasema, ugonjwa una jina, na wa pili ataanza pale wa kwanza alipoachia. Akificha, amemfanya wa pili kuwa kipofu, na amemfanya mwenye mali anunue kompyuta mpya kwa sababu ya punje moja. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na tulikuwa tukiwaambia wagonjwa. Yafaa waambiwe na matabibu pia.

Ikisemwa: fundi akikiri hajui, wateja watamkimbia kwenda kwa jirani ajuaye kusema uongo, naye atakula nini? Twajibu kuwa maneno haya ni ya kweli, na ukweli wake ni lawama juu yetu sisi wateja. Twaingia kibandani na la kwanza twauliza: waijua hii? Twauliza kwa sauti isiyokubali ila jawabu moja. La pili: itakuwa tayari saa ngapi? Nayo haijafunguliwa. La tatu: mwisho bei gani? Kijana wetu mwenyewe alikiri kuwa alipita vibanda viwili kabla ya kile, na katika kimoja fundi alimwambia aiache siku tatu achunguze. Akaona huyo hajui kazi. Rahisi yavunja upishi, na wepesi wa jawabu ni katika urahisi huo. Tumewalea mafundi wetu kuwa waongo, kisha twataka kuwapiga picha tuwasambaze.

Kwa ajili hiyo hatukumshauri kijana asambaze picha. Mzee wa darasa alimwandikia: "Mwanangu, nenda kwake kwanza, mkae nyinyi wawili, umwonyeshe ulichokiona. Bei ya kioo kisichohitajika ni haki yako, idai. Kioo chako cha zamani ni chako, kidai. Kuhusu fyuzi, mwulize kama alijua alipoifunika. Akikana, hapo mlango wa sheria uko wazi." Wengine katika sisi waliona huo ni upole wa kupita kiasi, na mmoja hadi leo ashikilia kuwa fundi mfichaji hafunzwi ila kwa hasara kamili. Hatuwezi kusema hana hoja.

Kijana akaenda Jumamosi, akakuta kibanda kimefungwa, kwani watu wengi wa Gusii ni wa Sabato, na siku hiyo hawafanyi kazi. Akarudi Jumapili. Atueleza kuwa fundi alipoiona kompyuta yawaka alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Aliona vipi?" Akamwambia habari ya tochi. Fundi akainama chini ya meza, akatoa kioo cha zamani kikiwa kimezongwa kwa gazeti, hakikuuzwa, akamkabidhi. Alipoulizwa juu ya tepu alisema aliona moshi, akaogopa. Akatoa shilingi 3,000 alizokuwa nazo na kuahidi zilizobaki. Tangu hapo ametuma kwa simu mara tatu, kidogo kidogo. Tunapoandika haya zimebaki shilingi 1,200, na kijana wetu amemwachia kile kioo cha zamani akifanyie mazoezi.