Akisahau, Bado ni Mwenzetu?

Somo: 2 Samweli 19:31–40



Kila Desemba baba yangu na wenzake waliosoma pamoja chuo cha ualimu hukutana hapa Machakos. Walianza kazi mwaka wa 1974, mwaka ule serikali ilipoondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na watoto wakafurika shuleni kabla walimu hawajatosha. Wakatawanywa: huyu Mwala, yule Kitui, mwingine mbali kule Kitale. Leo wamebaki wachache. Wanakuja na wake na waume zao, watoto na wajukuu, tunakaa chini ya miti pale People's Park, tunakula. Kisha aliyekuwa kiranja wao anasimama na kusoma rejista. Jina la marehemu likisomwa, mtoto au mjukuu wake anajibu, "Tupo."

Mwaka jana nilitaka kumwacha baba nyumbani. Ana ugonjwa wa kusahau. Asubuhi ananiita kwa jina langu, jioni ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Mama naye aliogopa aibu. Je, akimwagikiwa na chakula? Akiuliza swali moja mara kumi mbele ya wajukuu wa watu? Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo akili yangu hukimbilia hesabu. Nikajiambia: mafuta ya gari, siku nzima, mzee achoke, na ikifika usiku hakumbuki hata kama alitoka. Gharama ziko, mapato hakuna. Biashara ya namna hiyo si unaifunga tu?

Lakini swali likanikaa moyoni. Jambo jema lisipokumbukwa, lilikuwa na maana gani? Na mtu asiyewakumbuka wenzake, bado ni mwenzao, ama ni mgeni tunayemleta kwa heshima tu?

Hebu tumwangalie Barzilai. Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, mzee huyu wa Gileadi alikuwa miongoni mwa waliomletea chakula na vitanda kule Mahanaimu. Vita vilipoisha, mfalme akamwalika Yerusalemu akatunzwe huko. Barzilai akakataa. Alikuwa na miaka 80. Akasema wazi kwamba ladha ya chakula haipati tena, nyimbo hazisikii vizuri, na kwamba atakuwa mzigo tu. Yaani alipiga hesabu kama yangu! Lakini angalieni alichofanya. Alimsindikiza mfalme mpaka kuvuka Yordani, akamtoa kijana Kimhamu aende kwa niaba yake, na mfalme akambusu na kuagana naye. Daudi naye hakusema deni limeisha. Miaka baadaye, akikaribia kufa, alimwagiza Sulemani kwamba wana wa Barzilai wale mezani pake.

Nyumbani kwetu tuna deni kama hilo. Wazee wetu wanakumbuka njaa ya 1984, ile Ukambani tuliyoiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa na pesa mkononi. Mshahara wa mwalimu ulikuwepo, unga ndio haukuwepo. Mwenzake baba aliyekuwa Kitale alipanda basi na madebe mawili ya mahindi, akayafikisha mpaka mlangoni kwetu. Dadangu mkubwa alikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Hapo ndipo hesabu yangu ilivunjika. Mahindi yale siyakumbuki hata punje moja, na bado yalinifikia. Yaliilinda nyumba ambamo nilikuja kuzaliwa. Kama wema nisioukumbuka mimi haukupotea, nina haki gani ya kusema kwamba wema asioukumbuka baba unapotea?

Tukaenda. Rejista ikafika jina lake, na baba akanyamaza, akiangalia sahani yake. Nikaanza kusimama ili nimjibie kama wanavyojibiwa marehemu. Yule mzee wa mahindi alikuwa amekaa kando yake. Akanishika nikae, akauinua mkono wa baba taratibu na kusema, "Yuko." Kiranja akaweka alama, akaendelea na jina lililofuata.

Wapendwa, sisemi kila mzee aburutwe kwenda kila mkutano. Barzilai alikuwa na haki ya kukataa, na mfalme akamwacha arudi kwao. Shida ni kwamba baba hawezi tena kukataa kwa maneno, kwa hivyo inabidi tuusome uso wake. Tulimpeleka kama hadi Yordani hivi, wala hatukupita hapo: saa mbili, kivulini. Alipoanza kuvuta-vuta kola ya shati, tukaaga.

Kwenye gari akaniuliza, "Yule mzee alikuwa nani?"

"Ni rafiki yako, baba."

"Alaa. Mwambie basi aje nyumbani."

Nilimpigia simu jioni hiyo hiyo, na Januari alikuja. Baba hakumtambua. Walikunywa chai.

Hata kanisani kwetu wako akina mama na wazee waliozoea kukaa viti vya mbele, na siku hizi hatuwaoni. Wengine hawakumbuki wimbo hata mmoja, na familia zao zinaona haya kuwaleta. Wiki hii mtafute mmoja wao. Akiweza kuja, mlete na ukae kando yake, umshikie Biblia. Akichoka katikati ya ibada, mrudishe nyumbani bila kunung'unika. Asipoweza, nenda kwake na mtoto wako, ili mtoto ajue ni nani aliyetulisha kabla yeye hajazaliwa.

Mungu awabariki.