Kichwa cha Mwendawazimu



Waswahili tuna msemo: kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa hujaribia hapo. Hapa Uingereza, kila Jumatano ya kwanza ya Agosti, maelfu ya madaktari wapya huanza kazi hospitalini. Je, nani awe kichwa chao?

Jibu moja lilipatikana mwaka 1960, pale Asmund Laerdal wa Norwe alipotoa mwanasesere wa kufundishia uokoaji. Juu ya mwanasesere wa namna hiyo daktari mchanga hujifunza kukandamiza kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akikosea, hafi mtu.

Lakini mwanasesere hatapiki, wala hana mama anayelia mlangoni. Iko siku lazima awepo binadamu wa kwanza. Wapo wasemao hiyo ni dhuluma. Mimi naona ni deni: anayetuokoa leo alijifunzia kwa mgonjwa wa jana.

Dhuluma huingia pale deni linapolipwa daima na wasioweza kukataa, kama mzee wetu asiyejua Kiingereza, anayeitikia kila kitu kwa kichwa. Huyo aulizwe kwa lugha yake. Na aliyezimia, asiyeweza kuulizwa, haki yake ni daktari mzoefu asimame begani mwa mwanafunzi.

Basi ukimsindikiza mzee, uliza kwa adabu: umeshafanya mara ngapi, na nani anakusimamia? Kuuliza si utovu wa heshima.