Rafiki Uliyepangiwa

Mzazi anayempeleka mwanawe chuo kikuu humpa sanduku, nauli na usia. Usia wenyewe nimeusikia kutoka vinywa vingi, nao ni mmoja: "Mwanangu, chagua marafiki." Ni usia mwema. Walakini ndani yake mna swali ambalo wengi wetu hatujakaa tukaliuliza: rafiki huchaguliwa kwa kipimo gani, na huchaguliwa lini?

Katika miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, vitanda tulivigawa kwa kufuata orodha ya majina. Jina lako likifuatana na la mtu wa Kigoma, basi kitanda cha juu yako alilala mtu wa Kigoma. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila. Juma la kwanza mabweni yalijaa manung'uniko: huyu anakoroma, yule huamka alfajiri kusali, mwingine ameonjeshwa mlenda akakunja uso. Lakini ilipofika likizo, ni hao hao waliosindikizana hadi kituo cha basi, na miaka mingi baadaye ni hao waliosafiri usiku kucha kwenda kuzikiana wazazi. Hawakuchaguana. Walipangiwa, kisha wakafanya kazi ya kuzoeana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kwa watu wachache. Oktoba 1961, kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilifungua kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiozidi 15. Katika kundi dogo namna hiyo, mtu hana pa kumkwepa mwenzake. Sasa tazama hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kilipangwa kiweze kuchukua wanafunzi 40,000. Mtu angedhani kwamba penye watu wengi ndipo penye marafiki wa kila aina. Mimi naona kinyume chake chaweza kutokea. Penye maelfu, kila mmoja atawapata wa kwao wa kumtosha: waliosoma naye sekondari, wanaosali naye, wanaosema lugha ya nyumbani kwake. Na asipowapata, anayo simu mkononi, na humo wamo wote aliowaacha. Anaweza kukaa Dodoma miaka mitatu asipate kufika.

Mzazi atanijibu kwamba kutochagua nako kuna hatari, na ushahidi anao. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku mashuleni, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo ya baba yake anaondoka nyumbani kwenda kusoma, akaishia chuo cha ualimu Morogoro, na huko njiani anapotea. Wengi huisoma kama onyo juu ya marafiki wabaya. Mimi naisoma kama onyo juu ya malezi yanayomjaza mtoto hofu bila kumpa akili ya kupima. Rosa hakufundishwa kumpima mtu. Alifundishwa kumwogopa baba. Hofu hiyo ilibaki nyumbani siku alipoondoka.

Basi kupima ni lazima. Ila kuna wakati wake. Kumkataa mtu kabla hujakaa naye, kwa jina lake au kwa mkoa alikotoka, si kuchagua rafiki bali ni kufunga mlango. Kumpima ni pale mnapokwisha kula pamoja, fedha za mkopo, wanazoziita "bumu", zikachelewa, ukaona nani anagawana nawe sahani ya mwisho na nani anajificha. Ukaona nani anakuamsha uende darasani na nani anakuvuta usiende. Hapo ukimwacha mtu, unamwacha kwa mwenendo wake. Hilo ni haki yako, tena ni wajibu wako.

Jambo hili si la starehe za ujana tu. Kijana huyu kesho atakuwa mganga Tunduru, hakimu Kondoa, mwalimu Mpwapwa. Atapokea wagonjwa, washtakiwa na watoto ambao hakuwachagua, na hataruhusiwa kuwauliza kwanza kama ni wa kwao. Asipojifunza kukaa na mgeni akiwa na miaka ishirini, chumba kimoja na taa moja, sijui atajifunzia wapi akiwa na cheo na ofisi yenye mlango.

Kwa hiyo ningependa usia wetu uongezwe maneno machache. Mwanangu, msalimu kwanza yule uliyepangiwa. Kaa naye, kula naye, msikilize. Kisha chagua.