Swali la Njia Panda
Kitabu cha Raymond Smullyan cha mwaka 1978 kina kisiwa cha watu wa aina mbili: wakweli daima na waongo daima. Ukiwakuta njia panda, swali moja latosha: "Ningekuuliza kama hii ndiyo njia ya kijijini, ungejibu ndiyo?" Mwongo hulazimika kuudanganya uongo wake mwenyewe, akakufikisha.

Nilimpa baba fumbo hilo wodini. Alicheka, kisha akauliza, "Mwanangu, nitapona?" Nikasema ndiyo. Daktari alishaniambia vingine. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwambia kweli tupu: homa, vipimo, bei ya dawa. (Kisiwani sina kabila.)

Akanitazama. "Na ningekuuliza tena, ungejibu ndiyo?"

Kujibu kweli kungekuwa kumdanganya tena. Kujibu uongo ndiko kungemfikishia kweli. Nikachukua chungwa, nikaanza kummenyea.